Njia ya Guangzhou Tunaijua

Mtoto anayemaliza sita ya humanite Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, mwenye kichwa chepesi na mfuko mwepesi zaidi, je, aombe nafasi Harvard, Yale au MIT? Au hiyo ni ndoto ya simu ambayo mzazi mwenye akili anapaswa kuizima kabla haijala mwaka mzima wa mtoto? Kila matokeo ya mtihani wa leta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka na vijana wanapomwagiana poda nyeupe barabarani, swali hilo linazuka. Linabishaniwa siku chache, kisha kila mtu anarudi kutafuta minervali ya chuo kilicho karibu.

Nimeamua kulibishania kwa maandishi. Wasemaji wafuatao nimewabuni mwenyewe. Hoja zao sikuzibuni. Yupo Finalisti, msichana wa Beni, seksio ya Hesabu na Fizikia, na Mwalimu wake wa Kiingereza. Yupo Profesa, anayefundisha chuo kikuu Butembo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Yupo Mama, anayeleta vitenge na vyombo vya nyumbani kutoka China, na Yaya, yaani ndugu mkubwa, aliyesomea informatiki Bangalore, India, akarudi. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FINALISTI: Kwa ruhusa ya wakubwa, nianze mimi. Nilisoma kwenye simu kwamba kuna vyuo vya Marekani visivyouliza kama una pesa kabla ya kukuchagua, na vikishakuchagua vinalipa chote ambacho wazazi hawawezi. Nikajua ni wezi tu. Tumezoea ule ujumbe wa WhatsApp wa "bourse ya Canada" unaotaka utume kwanza dola 50.

MWALIMU: Si wezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wana utaratibu huo hata kwa wageni, tena kwa miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin waliufuata mwaka 2022. Machi 2025 Harvard ilitangaza kwamba familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka haitadaiwa kitu: masomo, chumba, chakula, hata bima ya matibabu. Niambieni, nani hapa Grand Nord anapata dola 100,000 kwa mwaka?

MAMA: Wapo, Mwalimu. Ila hawatakuambia wewe, sembuse watu wa kodi wa DGI.

PROFESA: Tusicheke bado. Vyuo ulivyotaja vinahesabika kwa vidole. Vingine vingi, vyenye majina makubwa pia, humsaidia mgeni lakini hutazama mfuko wake kwanza. Ukiomba msaada mkubwa, umejipunguzia nafasi. Na hivyo vichache visivyotazama mfuko, vinachagua wangapi? Kwa darasa lililoingia Harvard mwaka 2024 waliomba zaidi ya watu 54,000. Walioitwa hawakufika 2,000. Hao ni pungufu ya 4 katika kila 100, na ndani yao wamo watoto wa waliosoma pale pale, wamo wanariadha walioalikwa na makocha, wamo waliosoma shule ambazo ada yake ya mwaka ingejenga shule nzima Oicha. Mnamtuma binti huyu acheze karata na watu wanaomiliki meza.

YAYA: Profesa, ruhusu niseme niliyoyaona India, maana wenzetu Wahindi ndio mabingwa wa safari hii. Pale mtoto anaanza kuandaliwa akiwa na miaka 13. Kuna mji mzima, Kota, katika jimbo la Rajasthan, unaoishi kwa kuwanoa vijana kwa ajili ya mtihani wa kuingia taasisi za teknolojia za IIT. Zaidi ya vijana milioni moja wanaufanya mtihani wa awali, nafasi zenyewe ni kama 18,000 hivi. Anayekosa IIT, au mwenye wazazi wanaojiweza, anageukia Marekani, na huko nako yupo mshauri wa kulipwa: huyu anarekebisha insha, yule anachagua vyuo, mwingine anampangia mtoto hata kazi za kujitolea zitakazopendeza kwenye fomu. Matokeo yake mezani kwa afisa wa udahili kuna rundo la vijana wa Delhi, Mumbai na Bangalore, wote na alama zinazokaribia ukomo, wote na piano, wote na klabu ya roboti. Wanalia kwamba wanafanana mno.

FINALISTI: Basi mimi sifanani na mtu.

YAYA: Ndiyo faida yako. Hasara yako ni kwamba hakuna aliyewahi kukuonyesha fomu.

Hapa naingilia. Nimesikia watu wakisema mwombaji wa Beni ana bahati kwa kuwa Wakongo wachache huomba, hivyo "kiti cha Kongo" kinamngojea. Hakuna kiti cha Kongo. Vyuo hivi havitangazi mgao wa nchi. Mhindi hushindana na msongamano wa watu wa kwao. Wa kwetu hushindana na giza, maana afisa anayesoma karatasi zake huenda hajapata kuona hata moja kutoka shule hiyo. Karatasi asizozielewa haziweki upande wa kheri. Ana saa chache na maelfu ya faili.

MAMA: Mnazungumza juu juu. Nipeni hesabu. Mimi siwezi kuagiza kontena bila kujua gharama ya kila kituo.

MWALIMU: Haya, Mama. Kwanza pasi. Pili mtihani wa Kiingereza: TOEFL ni kama dola 200, lakini vyuo vingi, Yale miongoni mwao, vinakubali ule wa Duolingo unaofanyiwa nyumbani kwa kompyuta, nao hauvuki dola 100. Tatu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, zaidi ya dola 100, na kwa hapa maana yake ni kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Kampala, Uganda. Nne ada ya kuomba, mara nyingi dola 75 hadi 90 kwa chuo, ambayo mwenye shida akiomba msamaha anasamehewa. Akikubaliwa: dola 350 za kusajiliwa kama mwanafunzi mgeni, dola 185 za viza, na tiketi.

MAMA: Duolingo nyumbani kwa nani? Umeme ukikatika katikati?

MWALIMU: Mtihani unabatilika, anaanza upya. Ndiyo maana nasema mtoto asiufanyie nyumbani. Aufanyie mahali penye jenereta na intaneti isiyoyumba. Chuo cha UCBC pale Beni kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Mahali kama pale ndipo pa kubisha hodi.

MAMA: Na hiyo barabara ya Kasindi, unaijua vizuri.

Kila mtu mezani anaijua. Anayetoka Beni kwenda Kasindi huuliza kwanza habari za asubuhi: kama magari yamepita, kama yanapita kwa msafara wa askari. Ng'ambo ya mpaka, pale Mpondwe, ndipo watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha mwezi Juni 2023. Kumwambia kijana "nenda Kampala ukafanye SAT" si sawa na kumwambia mtoto wa Nairobi apande basi.

YAYA: Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Harvard ilirudisha sharti la SAT mwaka 2024, lakini iliandika kwamba pale ambapo mwombaji hawezi kabisa kuufikia mtihani huo, inaweza kupokea mitihani mingine, na mmojawapo ni mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kwetu huo ndio Exetat.

PROFESA: Lakini tazama kalenda. Maombi yanafungwa Januari mosi. Exetat inafanywa katikati ya mwaka, na matokeo hutoka wakati maombi yamefungwa siku nyingi. Uingereza mwalimu anatabiri alama za mtoto, na chuo kinakubali utabiri. Hapa prefe gani, yaani mkuu wa shule, atathubutu kuandika kwamba mwanafunzi wake atapata asilimia 80? Hata Inspekta hatamwelewa.

MWALIMU: Kwa hiyo aombe mwaka unaofuata, akiwa na diploma mkononi.

PROFESA: Huo ndio mwaka unaoliwa.

MWALIMU: Tutaurudia huo mwaka. Kwanza nizungumzie asilimia, maana hapo ndipo watoto wetu wanapozikwa wakiwa hai. Walimu wetu tulirithi ubahili wa Wabelgiji: 50 ni kufaulu, 68 ni mtoto wa kupigiwa makofi, 80 ni habari ya redioni. Mmarekani amezoea shule ambayo 68 ni alama ya aibu na mtoto mwerevu ana 97. Buletini ya binti huyu ikifika kule bila maelezo, atasomeka kama mvivu. Vyuo vyenyewe vinaomba waraka wa kuielezea shule: ina wanafunzi wangapi, alama zinatolewaje, wa kwanza darasani alipata ngapi. Waraka huo hulinganisha mtoto na wenzake waliokaa naye benchi moja. Prefe akiuandika vizuri, 74 ya Beni inakuwa kitu kikubwa.

PROFESA: Na asipouandika?

MWALIMU: Hapo sina jibu. Nimeona barua za mapendekezo zinazotoka kwenye shule zetu. Zinasema mwanafunzi ni "mwenye adabu na mwenendo mwema" na kwamba barua imetolewa "kwa matumizi yoyote halali". Muhuri mkubwa, wino wa buluu, kwisha. Barua ya Delhi ina kurasa mbili: siku mtoto alipobishana na mwalimu juu ya uthibitisho wa jometria, jinsi alivyorudi kesho yake na njia fupi zaidi. Prefe wetu anazijua hadithi kama hizo kumi kuhusu binti huyu. Hajawahi kuambiwa kwamba ndizo zinazotakiwa.

Nimeliweka hili katikati ya mjadala kwa makusudi. Watu wakisikia Harvard wanafikiria dola, na wakifikiria dola wanakata tamaa mahali pasipostahili. Fedha, kwa anayechaguliwa na vyuo vile vichache, imekwisha tatuliwa. Kinachokosekana ni karatasi ya prefe, na karatasi hiyo haigharimu hata franka 1,000.

FINALISTI: Mimi kinachonisumbua ni insha. Wanataka maneno 650 kuhusu mimi mwenyewe. Kila ninayemwomba ushauri ananiambia: andika juu ya vita. Andika ulivyokimbia Eringeti, andika jirani zenu. Mmoja aliniambia kwa mdomo wake, "Wewe una bahati, una msiba."

Kimya kilichopita hapo sitakiandika.

PROFESA: Ndiyo sababu kubwa ya mimi kupinga. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Watoto wanaomaliza humanite sasa wamekulia ndani yake. Chuo cha ng'ambo kinamwambia mtoto: nionyeshe kidonda chako, nikikipenda nitakulipia chakula. Huo ni mnada.

YAYA: Lakini hata Wamarekani wenyewe wamesukumwa huko. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama yao ya Juu ilipiga marufuku kuhesabu rangi ya mtu katika udahili, katika kesi ambayo Harvard ilishitakiwa kwa niaba ya waombaji wenye asili ya Asia. Jaji Mkuu John Roberts aliacha mlango mmoja: mwombaji anaweza kueleza mwenyewe jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake, mradi ahesabiwe yeye kama yeye. Tangu hapo insha imebeba mzigo mkubwa zaidi. Kila mtu anatafuta kisa.

MWALIMU: Mimi huwaambia wanafunzi wangu hivi. Ukitaka kuandika vita, andika. Ni maisha yako, hakuna wa kukukataza. Ila afisa amekwisha soma insha nyingi za vita, kutoka Syria, Sudan Kusini, Ukraine, na insha za vita kwa bahati mbaya zinafanana kama piano za Delhi. Binti, si ulinisimulia ulivyokuwa ukipima mvua kwa kopo la maziwa juu ya paa la shangazi yako, miezi kumi, ukachora grafu, ukagundua kwamba kakao ya jirani inaoza katika wiki unazoweza kuzitabiri?

FINALISTI: Hiyo si kitu, Mwalimu. Ni mchezo.

MWALIMU: Hiyo ndiyo insha. Vita vitaingia vyenyewe, kwa sababu utalazimika kueleza kwa nini grafu yako ina pengo la wiki tatu.

PROFESA: Hapo umenishinda kidogo. Kidogo tu.

MAMA: Mimi naogopa kitu kingine. Akienda harudi. Mnajua wangapi wamecheza ile lotari ya viza ya Marekani? Diploma ya leta ilitosha kuicheza. Walioipata tunawaona kwenye simu, na theluji nyuma yao.

PROFESA: Mama amegusa penyewe. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko wakati serikali ya Mobutu ilikuwa imeshaisahau pembe hii. Wakristo wa dayosisi, wakulima na wafanyabiashara walichanga. Kataliko mwenyewe alisoma Roma akarudi, akajenga. Tukiwatoa walio bora kila mwaka, chuo hicho kitafundishwa na nani? Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kuisha Juni 2020, waliokesha kwenye vituo vya matibabu walikuwa kwa wingi wauguzi na madaktari waliosomea nchini humu.

MWALIMU: Nakubali kila neno, Profesa, lakini umalize hadithi. Katika Ebola hiyo hiyo palifanyika jaribio la dawa nne, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Liliitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Mmoja wa waliolisimamia alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma chuo cha Lovanium, Kinshasa, akaenda Leuven, Ubelgiji, kuchukua udaktari wa falsafa, akarudi Kongo na hajaondoka. Washirika wake walikuwa taasisi ya afya ya Marekani, NIH. Agosti 2019 likaonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa watu. Moja ilitokana na damu ya mtu wa Kikwit aliyepona mwaka 1995, ikatengenezwa kwenye maabara ya Marekani. Damu yetu imekwisha kuingia kwenye maabara hizo, majina ya miji yetu yamekwisha kuchapishwa kwenye majarida yao. Nataka na watoto wetu waingie, wasiwe wale wa kutolewa damu tu. Na kama ni kurudi, David Kasali alisoma Marekani, akaongoza chuo cha teolojia Nairobi, kisha akarudi Beni kuanzisha UCBC mwaka 2007. Alirudi wakati watu walikuwa wanakimbia.

PROFESA: Umenitajia wawili.

MWALIMU: Wawili wanaojulikana. Na wangapi waliobaki hapa wameshindwa kufanya lolote kwa kukosa maabara?

Profesa ana haki ya kutoridhika na wawili, ila nadhani anakosea anapolichukulia kama suala la kuchagua. UCG haipotezi walimu kwa sababu ya Harvard. Kwa jinsi nafasi zilivyo chache, hata tungefaulu kupita kiasi tungepeleka watoto wawili au watatu kwa mwaka. Inawapoteza kwa sababu ya mishahara, kwa sababu ya vita, na kwa mashirika ya kigeni yanayolipa mara tano.

YAYA: Mimi nina pingamizi la aina nyingine, na naomba binti anisikilize. Mnamtazama Mhindi vibaya. Mwaka wa masomo 2023/24 Marekani ilikuwa na wanafunzi Wahindi 331,602, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Walio kwenye shahada ya kwanza ni kama 36,000 tu. Karibu 197,000 wako kwenye shahada za juu. Mhindi wa kawaida anasoma kwanza kwao, kwa bei ya kwao, halafu anakwenda Marekani akiwa mtu mzima mwenye ujuzi. Na kwa sayansi, anayechukuliwa kwa udaktari wa falsafa kwenye chuo kizuri halipi; analipwa posho, anafundisha na kufanya utafiti. Kwa nini tushindanie mlango wa 4 kwa 100 wakati kuna mwingine wenye nafasi kubwa zaidi? Soma UCG, au India kama mimi. Serikali ya India inatoa ufadhili kupitia taasisi yake ya ICCR. Kisha omba Marekani.

FINALISTI: Yaya, India uliishije?

YAYA: Nilisoma vizuri. Mtaani nilitukanwa. Kupanga chumba, mwenye nyumba akiniona uso, chumba kinakuwa kimeshachukuliwa. Sikuambii India ni pepo. Nakuambia hesabu.

Hoja hii ya Yaya ndiyo nzito kuliko zote za upinzani, na mezani hakuna aliyeijibu sawasawa. Mwalimu alisema kwamba anayetoka kwenye maabara isiyo na darubini hawezi kushindana kwa udaktari na aliyetoka IIT. Ni kweli, lakini ni kweli nusu: mlango wa juu unamtaka mtu aliyegusa utafiti, na utafiti hapa kwetu unapatikana kwa bahati. Mimi ningemwambia binti abishe milango yote miwili, wa sasa na wa baadaye. Kukataliwa akiwa na miaka 18 hakuandikwi popote.

MAMA: Na hiyo viza? Wakimpokea Harvard halafu ubalozi ukamkatalia?

YAYA: Inatokea. Sheria yao inamtaka afisa achukulie kwamba kila mwombaji anataka kuhamia kule, mpaka mwombaji amthibitishie kwamba atarudi. Uthibitishe hilo ukiwa umetoka Beni! Mahojiano ni Kinshasa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, kwa hiyo watu wakatafuta ndege ya Mavivi, karibu na Beni, au ya Bunia. Zamani mtu aliweza kujaribu Kampala. Tangu Septemba 2025 wameagiza kila mtu aombe katika nchi ya uraia wake au anakoishi. Na hali yenyewe inabadilika kila mwezi. Mei 2025 serikali ya Trump ilijaribu kuizuia Harvard isipokee wageni kabisa, mahakama ikasimamisha. Juni serikali hiyo ikawafungia au kuwabana watu wa nchi 19, wamo majirani zetu wa Burundi na Kongo-Brazzaville.

PROFESA: Na bado mnataka kumtuma.

MAMA: Ngoja, Profesa. Hapo mimi nina la kusema. Watu wa Butembo wa kwanza kwenda Guangzhou walikwenda bila kujua neno la Kichina. Waliibiwa, walinyimwa viza, makontena yalikwama Mombasa miezi. Lakini hakuna aliyekwenda akanyamaza. Aliyerudi alimwonyesha mdogo wake hoteli, wakala, kiwanda, hongo inayoombwa na isiyostahili kutolewa. Wa pili akapita kwa gharama nusu. Leo kijana wa miaka 22 anakwenda na karatasi moja yenye namba za simu. Viza zilikuwa zinabadilika vilevile, na hatukuacha. Ninachoshangaa ni kwamba kwenye shule kila mtoto anaanza peke yake, kwenye simu yake, usiku, kama mwizi.

MWALIMU: Mama, Kenya walilifanya hilo. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mmarekani, John Manners, na Mike Boit, yule aliyepata shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, walianzisha mpango unaoitwa KenSAP. Waliwachukua vijana wa Bonde la Ufa walioongoza katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wengi wa familia za wakulima, wakawakalisha Iten kwa mafunzo: SAT, insha, fomu za fedha, mahojiano. Waliwakimbiza hata mita 1,500, maana ni Wakalenjin na makocha wa Marekani hawalali. Vijana zaidi ya 100 wamefika Harvard, Yale, Princeton na kwingineko. Walikuwa wameshamaliza sekondari. Ule mwaka ambao Profesa anasema unaliwa, kwao ndio mwaka wa kazi.

PROFESA: Kenya wana Kiingereza, wana amani, na walikuwa na Mmarekani anayezijua ofisi za udahili.

MWALIMU: Amani hatuna. Kiingereza kinafundishika. Anayezijua ofisi tutamtafuta miongoni mwa watoto wetu walioko ng'ambo; wapo Maine, wapo Texas, wapo Ottawa, na shule za huko wanazijua.

PROFESA: Sikilizeni. Waraka wa kuielezea shule nitauandika mimi pamoja na prefe, kwa Kifaransa, Mwalimu autafsiri. Si kwa sababu mmenigeuza. Naufanya kwa sababu waraka huo utatumika pia kwa Leuven, kwa Kampala, hata kwa Bangalore. Na nina sharti. Binti ajiandikishe UCG mwezi wa kumi kama wenzake. Asikae nyumbani akingoja Marekani.

YAYA: Hapo angalia, Profesa. Vyuo vingine vikiona umekwisha kujiandikisha kwa shahada mahali pengine, vinakuhesabu kuwa unahama, unaomba kwa dirisha jingine lenye nafasi chache mno. Vingine havijali mpaka umalize mwaka mzima.

PROFESA: Kwa hiyo mnataka mtoto akae bure kwa ajili ya dirisha?

YAYA: Nataka asome sharti la kila chuo kabla ya kulipa minervali.

MAMA: Wako wangapi darasani kwako wanaofanana na huyu, Mwalimu?

MWALIMU: Wanne. Na wawili shule ya jirani.

MAMA: Kwa mmoja sitoi kitu. Kwa sita naweza kuzungumza na wenzangu sokoni, maana jenereta ni moja na gari la Kampala ni moja. Lakini nataka karatasi yenye bei zote, na nataka nione barua ya wazazi wao.

FINALISTI: Masharti ya vyuo nitayasoma leo usiku, kama mega zangu zinatosha.

MAMA: Mega nitanunua mimi. Ya UCG tutayazungumza ukishajua lipi ni dirisha na upi ni mlango.